Vidole Vitatu Chini ya Goti

Shangazi yangu alikuwa matroni wa shule ya wasichana ya bweni kwa miaka ishirini na nane, na katika miaka yote hiyo hakuna goti la msichana lililoona jua bila ruhusa yake. Kila Jumatatu asubuhi wasichana mia nne walisimama paredi, miguu pamoja, mikono ubavuni, naye akapita katikati ya mistari na rula yake ya mbao, akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka, kama mtu anayepalilia. Wakampa jina la Rula. Walidhani halijui. Alilijua, tena nadhani lilimpendeza, maana matroni aliyemtangulia walimwita Sufuria.

Alipostaafu walimuaga kwa hotuba na saa ya ukutani, wakaamini kazi yake imekwisha. Kumbe ilihamia mtaani tu. Benki alimwambia binti wa dirishani, mbele ya foleni nzima, kwamba kifungo chake cha pili kinaning'inia kwa uzi mmoja na siku kikiachia wateja wataona mengi kuliko salio. Hospitali, akiwa amelazwa tayari kwenda kupasuliwa nyonga, alimshika nesi pindo la gauni akamwuliza nani aliyemfundisha kushona mishono mirefu namna ile. Nesi akamchoma sindano ya usingizi mapema kidogo kuliko kawaida. Sikumlaumu. Na siku binamu yangu alipoolewa, shangazi alimsimamisha bibi harusi mlangoni, wageni wote wamesimama, akapiga magoti na kuanza kukata nyuzi zilizoning'inia. Ukifungua albamu ya harusi ile, picha ya kwanza kabisa ni mgongo wa shangazi.

Tunaishi wawili, yeye na mimi, vyumba vitatu ghorofa ya pili juu ya duka la miwani. Mimi ni karani wa kampuni ya bima. Nina miaka thelathini na sita, na mpaka leo sijawahi kutoka mlangoni bila kugeuzwa mbele na nyuma.

Sasa, kazini kwetu wanawake tuko kumi na wanane. Tulikuwa tumeandika barua tatu kuomba mlango wa choo chetu uwekewe kitasa. Cha zamani kilivunjika, tukawa tunaenda wawili wawili: mmoja ndani, mwingine nje ameshikilia mlango huku akijifanya anasoma tangazo la zimamoto. Tangazo lile nalijua kwa moyo. Barua ya tatu ikajibiwa. Afisa rasilimali watu, mwanamume mwenye tabasamu lisilozimika, akatuita ukumbini akatutangazia kwamba uongozi umesikia kilio cha wanawake. Tukakaa vizuri. Akasema uongozi, kwa kutambua mchango wetu, umeamua kutupa kila mmoja tiketi mbili za kwenda jumba la makumbusho kuona maonyesho yanayoitwa "Vazi na Nguvu: Mwanamke Ajivika Uwezo". Tukapiga makofi. Ungefanya nini? Kisha jirani yangu wa mezani na mimi tukaenda chooni, yeye kwanza.

Shangazi nilipomwambia habari ya maonyesho alinitazama juu ya miwani.

"Nguo zipo?"

"Zipo nyingi, Shangazi. Za zamani na za sasa."

"Mtu anaruhusiwa kuzigusa?"

"Sidhani."

"Basi wameficha kitu," akasema. Akaenda kupiga pasi gauni lake la kijivu, lile la kwendea kila mahali panapostahili heshima na kukaguliwa.

Tukaenda Jumamosi asubuhi. Jumba lenyewe ni la ghorofa mbili, sakafu ya marumaru, baridi kama chumba cha mitihani. Mlangoni palikuwa na picha kubwa ya mwanamke akiruka hewani, mikono juu, nywele zimetawanyika, na chini ya nyayo zake alama za kampuni zilizofadhili, ikiwemo yetu ya bima. Nikaelewa tiketi zilikotoka. Pembeni yake kulikuwa na picha ya bodi ya makumbusho iliyoandaa maonyesho haya ya kumwezesha mwanamke: wanaume saba wamekaa, mwanamke mmoja amesimama nyuma na daftari.

Tukapokewa na binti mwongozaji. Alikuwa kijana, mpole, na amevalishwa viatu virefu ambavyo ni wazi hakuvichagua, maana alikuwa akiupumzisha mguu mmoja kwa kuutesa mwingine, kisha anabadilisha.

"Karibuni sana. Karibu, Bibi."

"Mimi si bibi yako," shangazi akasema. "Ukinipenda sana niite Mama."

"Samahani, Mama. Tuanze chumba cha kwanza."

Chumba cha kwanza kilikuwa cha magauni ya zamani. Yamevalishwa sanamu za plastiki nyeupe, mabega mazuri, viuno vya nyigu, na hakuna hata moja yenye kichwa. Shangazi alizunguka moja, akazunguka ya pili.

"Vichwa wamepeleka wapi?"

"Ni mtindo wa kisasa, Mama. Ili mtazamaji alione vazi bila kuvurugwa na uso."

"Aa. Kwa hiyo mwanamke akishawezeshwa, kichwa kinavuruga."

Binti akatabasamu. Alikuwa amefundishwa kutabasamu kila asipojua la kujibu, na siku hiyo alitabasamu mno.

Chumba cha pili ndicho kilichoniaibisha mwanzo. Kulikuwa na gauni la dansi, kijani iliyokolea, na kibao kinasema limeshonwa lote kwa mkono na mwanamke mmoja katika muda wa miezi mitano. Shangazi akainama kuangalia ndani ya pindo. King'ora kikalia. Mlinzi akaja mbio, akamkuta mama mtu mzima mwenye mkoba, nyonga mbovu na uso wa kumtaka ajieleze, akarudi zake kinyumenyume.

"Cherehani," shangazi akaniambia huku tukisogea. "Mshono wa juu ni mkono, wa chini cherehani. Miezi mitano gani? Alikuwa anapumzika."

Mbele kidogo kulikuwa na suti ya kike, nyeusi, imesimama peke yake kwenye jukwaa chini ya taa. Kibao kilisema: "Mwanamke wa Karne Mpya: Anaongoza, Anaamua." Shangazi akaitazama muda mrefu mpaka nikadhani imempendeza.

"Mifuko ya bandia," akasema. "Imeshonwa juu tu, haina tumbo. Haya, ameongoza, ameamua. Leso ataweka wapi?"

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu akacheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa na shati la hariri na simu mbili mkononi, na nadhani alikuwa anazishika mkononi kwa sababu hiyohiyo. Tangu hapo akawa anatufuata. Baadaye wakaongezeka wengine watatu. Binti mwongozaji aliona watu wanamsikiliza shangazi kuliko yeye, akaamua kutembea kimya na kupumzisha angalau ulimi.

Chumba cha tatu kilikuwa na mwanga hafifu, kuta zimepakwa rangi nyekundu, na juu ya mlango wameandika "Zana za Ukandamizaji". Ndani kulikuwa na viatu vya ncha kali, mikanda ya kubana kiuno, na kitu fulani cha waya cha kuvaa chini ya gauni ambacho nilidhani ni mtego wa panya. Nikamwona shangazi anatikisa kichwa kwa kukubaliana. "Hivi kweli vilitesa watu," akasema. Akasogea kwenye kabati la kioo la mwisho.

Nilikuwa hatua tatu nyuma yake, ndiyo maana nililiona kabati baada yake. Ndani kulikuwa na sketi ya shule, buluu, imening'inizwa. Pembeni yake, rula ya mbao. Pembeni ya rula, mkasi. Ukutani nyuma yake wamechora kivuli cha mwanamke mkubwa, mabega kama kabati la nguo, mkono mmoja juu. Sketi ile niliijua. Nilikuwa nimeiona kwenye picha ishirini na nane zilizopangwa sebuleni kwetu, kila mwaka na picha yake.

Kibao kilisema hivi: "Kwa miongo karibu mitatu, matroni katili wa shule moja ya bweni alitumia rula kama hii kupima sketi za wasichana. Sketi isiyofika vidole vinne chini ya goti ilifumuliwa kwa mkasi mbele ya shule nzima. Maelfu ya wasichana walijifunza hapo kuionea haya miili yao."

Nikatamani sakafu ipasuke. Marumaru zile, bahati mbaya, zilikuwa imara. Shangazi akafungua mkoba, akatoa miwani ya kusomea, akaivaa, akasoma kibao kuanzia juu. Akakisoma tena. Mimi nilikuwa nahesabu hatua mpaka mlangoni na kujiuliza kama nyonga yake inaweza kwenda haraka.

"Vitatu," akasema.

"Nini, Shangazi?"

"Vidole vitatu. Vinne ni vya watawa. Mimi lini nilipima vinne?"

"Shangazi, twende tukanywe chai."

"Na hiyo rula si yangu. Yangu ina alama ya pasi kwenye kumi na mbili. Na mkasi! Tazama, mtoto wewe, huo ni mkasi wa karatasi. Mimi nifumue pindo kwa mkasi wa karatasi? Ungetoboa kitambaa! Nilitumia wembe." Akageuka. "Binti! Njoo hapa. Kibao hiki kina makosa."

Binti akaja akichechemea. "Mama, maelezo yote yameandikwa na wataalamu."

"Wataalamu walikuwepo paredi?"

"Sijui, Mama."

"Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye huyo matroni."

Watu wote wakageuka. Kisha uso wa binti ukang'aa kama mtu aliyetua mzigo.

"Ooh! Ni wewe! Mbona hukuniambia mlangoni? Tunakusubiri tangu saa nne!" Akawageukia watu, akapiga makofi mara mbili. "Wageni wetu, tafadhali sogeeni. Igizo letu la saa tano linaanza sasa hivi. Matroni amefika!"

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba walikuwa wamemkodi mwigizaji wa kuigiza matroni katili kila Jumamosi, na siku ile alikuwa amechelewa. Hivyo watu wakasogea. Walikuwa kama ishirini na tano, simu juu, wakimtazama shangazi kwa hamu. Shangazi naye akawatazama, na nikaona macho yake yanashuka taratibu kutoka nyuso zao kwenda kwenye mapindo yao. Nikajua tumekwisha.

"Mistari miwili," akasema. Hakupaza sauti. Hajawahi kupaza sauti maisha yake. "Miguu pamoja. Wewe mwenye simu, iweke chini, hukupigiwa."

Wakapanga mistari! Watu wazima, wengine wana wajukuu, wakapanga mistari huku wakicheka na kusukumana. Shangazi akapita. Alimwambia mmoja kwamba zipu yake imekula kitambaa. Kwa mwanamume mmoja aliyekuja na mkewe, suruali imemfunika visigino, akasema huyu anafagia sakafu ya serikali bila mshahara. Watu wakavunjika mbavu. Alipofika kwa yule mama wa shati la hariri akasimama.

"Pindo lako limeachia nyuma."

"Ah, tangu asubuhi, Matroni. Nimelibana na stepla."

"Stepla." Shangazi alilitamka neno lile kama daktari anayerudia jina la ugonjwa. Akafungua mkoba, akatoa sindano na uzi, akamwambia ageuke. Akapiga goti moja kwa shida, akashona. Ilichukua dakika mbili. Kicheko kilipungua pole pole, mpaka ikabaki sauti ya uzi ukipita kwenye kitambaa. Mama wa watu alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, macho mbele. Sidhani alijua kwa nini.

Shangazi alipoinuka watu wakapiga makofi kwa nguvu. "Amelijulia!" mmoja akasema. "Unaamini kabisa!" Hapo ndipo mlango ulipofunguka akaingia mwigizaji mwenyewe, anahema, ametiwa mto mgongoni na mwingine kifuani, nyusi zimechorwa kwa makaa, rula ya plastiki mkononi. Akasimama. Shangazi akamtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Wewe ni nani?"

"Mimi... ni matroni."

"Na hiyo mito?"

Mwigizaji akatutazama, akamtazama binti, akaanza kurudi nyuma. Maskini, alikuwa mtu mzuri. Tulimkuta baadaye nje anakunywa soda na mito yake kwapani. Lakini wakati huo hakuna aliyemjali, maana nyuma yake alikuwa ameingia mtu mwingine: mratibu wa maonyesho, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nywele fupi, beji shingoni, amekuja kujua makofi yote yale ni ya nini. Nikamtambua. Ndiye yule wa kwenye picha, aliyesimama nyuma ya wanaume saba na daftari.

Akamwona shangazi. Mdomo ukafunguka.

"Shikamoo, Matroni," akasema, na mkono wake wa kulia ukateremka wenyewe kulivuta pindo la sketi.

Kisha akajiona anavyofanya. Akauondoa mkono kama umeungua, na sura ikambadilika. Nimewahi kuona hasira nyingi ofisini, lakini ile ya mtu aliyejikasirikia mwenyewe ni nyingine kabisa.

"Marahaba," shangazi akajibu. "Kitanda cha nane. Karibu na dirisha."

"Unanikumbuka?"

"Nina kazi gani nyingine? Ulikuwa unakohoa kila mvua ikinyesha." Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Hiki umekiandika wewe?"

"Ndiyo. Na sketi ni yangu."

Binti mwongozaji sasa alikuwa ameelewa, akaanza kuwaondoa wageni kwenda chumba cha nne. Hawakutaka kwenda. Walidhani hii ni sehemu ya pili. Mama wa hariri alikuwa wa mwisho kutoka, akigeuka geuka.

Tukabaki watatu. Nitasema hapa jambo ambalo lingefanya habari hii iwe tamu zaidi kama ningelisema kinyume: ningependa kuwaambia kwamba shangazi yangu alikuwa shujaa wa siri, kwamba rula ile iliwalinda wasichana dhidi ya mkuu wa shule mbaya zaidi, au kwamba alikuwa akiwanunulia vitambaa kwa siri. Hakuwa, na hakununua. Aliamini katika vidole vitatu chini ya goti kama watu wengine wanavyoamini katika maji ya kuchemsha.

"Haikuwa fupi kwa ufedhuli," shangazi akasema. "Ulirefuka. Muhula mmoja tu ukarefuka kama umevutwa. Nililishusha pindo, likafika. Sasa ukatili uko wapi?"

"Ulilifumua paredini. Nikiwa nimeivaa sketi. Wasichana mia nne wanaangalia, wewe umeinama na wembe wako, nyuzi zinaning'inia miguuni kwangu mpaka saa ya chakula cha mchana. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Matroni."

"Nilitaka wengine waone. Ndiyo maana ya paredi."

"Walinicheka mpaka nikamaliza shule. Waliniita Nyuzi."

"Mimi waliniita Rula. Sikuandika kibao."

"Wewe ulikuwa mtu mzima!"

Sauti yake ilipanda mpaka mlinzi akachungulia. Akamwona shangazi, akarudi zake.

Mimi nilijifanya nasoma habari za ule mtego wa panya. Shangazi akavua miwani ya kusomea, akaikunja, akashindwa kuiingiza kwenye kifuko chake. Akajaribu tena.

"Ulilia," akasema.

"Uliona?"

"Nilikuwa matroni, sikuwa kipofu. Ulilia bila sauti, ukajifuta kwa kola. Kola ikawa na madoa. Ningeweza kukuandika kwenye daftari la makosa kwa kola vilevile. Sikukuandika."

Mratibu akacheka kidogo, kicheko kibaya, kisicho na furaha ndani yake. "Basi nikushukuru."

"Sikuomba shukrani." Miwani ikaingia kifukoni hatimaye. "Lile pindo ningeweza kukufumulia bwenini. Muda ungekuwa uleule."

Nimeishi na shangazi yangu miaka kumi na moja. Amevunja vikombe vyangu, ametupa nguo zangu mbili alizoziona hazifai, aliwahi kumwambia mchumba wangu kwamba ana mabega ya mtu asiyedumu, na kweli hakudumu. Sijawahi kusikia kutoka kinywani mwake maneno yaliyokaribia "samahani" kama yale. Nilitaka kumgeukia mratibu nimtafsirie. Lakini nilipomtazama niliona hahitaji tafsiri. Alikuwa amekaa kwenye benchi la walinzi, mikono magotini, anatazama sketi yake ndani ya kioo.

Baada ya muda akasema, "Kweli vilikuwa vitatu?"

"Vitatu."

"Mimi nakumbuka vinne."

"Ukiwa na miaka kumi na mitatu kila kitu ni vinne. Badilisha."

"Na neno katili?"

"Hilo ni lako, siwezi kukupimia. Mimi nasahihisha vipimo na vifaa."

Mambo yangeishia hapo vizuri, kwa utulivu, kama mwenyekiti wa bodi asingeshuka ngazi wakati ule. Alikuwa amesikia makofi kutoka ofisini kwake. Mtu mnene, mchangamfu, mkono mbele tayari kwa kupeana.

"Mama, Mama! Nimeambiwa umewamaliza watu kabisa! Hicho ndicho tunachokitaka. Mwanamke mwenye nguvu, jukwaani! Tukupange kila Jumamosi. Utakuwa matroni wetu katili. Tutakuwekea na mto kidogo hapa mgongoni..."

Mratibu akafumba macho.

"Wewe ndiye mkubwa hapa?" shangazi akamwuliza.

"Mwenyekiti wa bodi, kwa unyenyekevu."

"Bodi ya maonyesho ya wanawake."

"Naam! Tunawawezesha."

Shangazi akamtazama. Nilisubiri suruali, nilisubiri kola, nilisubiri kifungo cha tumboni kilichokuwa kinajitahidi kuliko mtu mwingine yeyote mle ndani. Hakugusia chochote kati ya hivyo.

"Binti yule wa mlangoni," akasema, "mpe kiti."

"Kiti?"

"Kiti. Cha kukalia. Miguu imemvimba. Na viatu vile, aliyevichagua avivae yeye siku moja, kuanzia asubuhi mpaka mfunge." Akamshika mkono, akautikisa kidogo kama alivyokuwa akiwaaga wazazi siku ya kufunga shule. "Mto sitaki."

Tukatoka. Nje alikaa kwenye ngazi kwa sababu ya nyonga. Nilimwuliza kama yuko sawa. Akasema chumba kile kina unyevu na sketi ile itapata ukungu.

Wiki mbili baadaye mratibu alipiga simu. Kwenye kabati lile, alisema, kulikuwa na sehemu ya kusikiliza: unavaa hedifoni, unasikia wasichana sita wa zamani wakieleza habari za paredi. Alitaka sauti ya saba, ya matroni mwenyewe. Hakuahidi kwamba ingempendezesha. Shangazi akasema hajawahi kutaka kupendezeshwa, akaenda, na gauni la kijivu. Alizungumza dakika arobaini na tano. Nilikuwa nimekaa kwenye kona ya chumba. Alieleza jinsi alivyofundishwa kushona na mama yake kwa nuru ya dirisha, aina za mishono, namna ya kutoboa tundu la kifungo lisifumuke kwa miaka kumi. Tundu la kifungo peke yake lilichukua robo saa. Mratibu alimwachia aseme.

Nilirudi peke yangu wiki iliyofuata kusikiliza. Kibao kilikuwa kimebadilishwa. Vidole sasa vilikuwa vitatu, mkasi umekuwa wembe, na lile neno katili lilikuwepo bado, palepale lilipokuwa. Mlangoni binti alikuwa amekaa kwenye kiti, ingawa viatu vilikuwa vilevile. Nikavaa hedifoni. Wale wasichana sita walizungumza mmoja baada ya mwingine, sauti za wanawake wazima sasa. Wawili walilia, mmoja alicheka, mmoja alisema hajawahi tangu siku ile kuvaa sketi. Kisha ikaja sauti ya mratibu, inauliza: "Matroni, umewahi kujuta?"

Baada ya swali hilo hakuna kitu. Nilidhani mashine imeharibika. Lakini ukisikiliza vizuri unasikia kiti kinalia, unasikia mtu anavuta pumzi kama anayetaka kuanza, halafu haanzi. Gari linapita mbali nje. Nilitazama saa yangu: sekunde thelathini na nne. Ndipo inakuja sauti ya shangazi, ndogo, kavu, kutoka karibu kabisa na sikio.

"Swali lingine."

Na kurekodi kunaishia hapo. Msichana wa kama miaka kumi na mitano alikuwa kwenye hedifoni ya pili, pembeni yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha nyuma, akasikiliza tena ile sehemu isiyo na maneno.

Nilimweleza shangazi jioni ile, nikiwa sijui ataichukuliaje. Alikuwa anakata nyuzi kwenye mto wa kochi. Alisikiliza, akauliza kama tundu la kifungo limo. Nikamwambia halimo. Akauliza kuhusu mama yake na dirisha. Nikamwambia hayamo pia.

"Watu wa ajabu," akasema. "Nimesema dakika arobaini na tano, wakayakata yote. Wakaacha pale niliponyamaza."